Nani aliamua? Umma na binafsi wote walewale

Najua nimepotea, test zimenibana wiki mbili mfululizo. Leo nimekuja na hasira kidogo, mtanivumilia.

Kwenye somo letu la uongozi wa elimu tulipewa swali: linganisha mitindo ya uongozi na ya kufanya maamuzi katika vyuo vikuu vya umma na vya binafsi. Swali zuri tu. Kilichonichefua ni majibu. Karibu darasa zima limeandika kitu kimoja (nadhani desa lilikuwa moja): chuo binafsi ni uongozi wa kiimla kwa sababu kuna mwenye mali, chuo cha umma ni kidemokrasia kwa sababu kuna Baraza, Seneti na kamati kibao. Basi, wamemaliza, wanasubiri maksi.

Jamani! Ile mitindo mitatu tunayoimeza, kiimla, kidemokrasia na huria, Kurt Lewin na wenzake waliiandika mwaka 1939 baada ya kuangalia vikundi vya watoto wa miaka kumi kule Marekani. Hawakuhesabu kamati. Waliangalia kiongozi anafanya nini na watoto wake. Kwenye kundi la kiimla mtoto alikuwa anaambiwa hatua moja tu, inayofuata haijui mpaka ifike. Sasa niambieni, hapo hamjioni wenyewe mmesimama mbele ya ubao wa matangazo?

Halafu hizo kamati. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 haisemi Baraza na Seneti ni za chuo cha serikali peke yake. Binafsi nao wanavyo. SAUT ya Mwanza ni ya maaskofu Wakatoliki, Kairuki ilianzishwa na daktari mwaka 1997, na kote huko vikao vinakaa kama kwetu. Kama demokrasia ni kuwa na meza ndefu na chupa za maji, basi wote tuna demokrasia.

Na huo umma wenyewe una mwenye mali pia, tena mkubwa. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea, Mkuu wa Chuo alikuwa Mwalimu Nyerere, na Makamu Mkuu wake, Pius Msekwa, alitokea kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Mwaka uliofuata rais wa wanafunzi, Akivaga, kijana wa Kenya, akaandika barua ya wazi kulalamikia hayohayo ya wanafunzi kutoshirikishwa. Akafukuzwa, na FFU wakaja chuoni kumtoa. Hizo kamati zilikuwa wapi siku hiyo?

Mtasema hayo ya zamani. Haya, Mei 2016, UDOM. Wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, walimu watarajiwa kama mimi, wakaambiwa wafungashe warudi nyumbani kwa sababu wahadhiri hawafundishi. Programu waliletewa na serikali, malipo ya wahadhiri hayakuwa kazi yao, lakini mabegi waliyobeba stendi yalikuwa ya kwao. Baadaye wakaitwa vilaza juu. Mwaka huohuo 2016, TCU ikafuta vibali vya matawi ya St. Joseph, chuo binafsi, kule Songea na Arusha, wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Inawezekana kabisa matawi hayo yalistahili kufungwa, sibishani. Ila mwanafunzi wa Dodoma na wa Songea walilijua jambo lao kwa namna moja: likiwa limeshaamuliwa.

Tofauti ninayoiona mimi ni ndogo. Rafiki yangu anasoma chuo fulani binafsi. Ratiba ya ada ilipobadilishwa katikati ya muhula aliambiwa wazi, "uongozi umeamua." Anajua mlango ni upi, ila haugongwi. Sisi huku (chuo sikitaji, nataka kugradueti) tarehe za mazoezi ya kufundisha zilisogezwa zikiwa zimebaki siku nne. Kuna dada wa darasa letu alikuwa ameshalipa chumba cha miezi miwili karibu na shule aliyopangiwa. Nikamsindikiza kuuliza. Idara wakasema ni kitivo. Kitivo wakasema ni kamati. Kamati, tukaambiwa, ilipendekeza tu. Milango yote iko wazi, karibuni sana, kaeni, na hakuna aliyeamua! Pesa ya chumba hajarudishiwa mpaka leo naandika.

Halafu na viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, siwaachi. Wana viti kwenye vikao. Wanaingia, wanasaini posho, wakitoka ukiwauliza wanakuambia ni siri ya kikao. Siri ya nani, kaka? Sisi ndio tuliokutuma.

Kuna jamaa ameniambia wanafunzi maelfu hawawezi wote kuamua tarehe ya TP. Kweli kabisa, wala sitaki kuamua. Nataka kila tangazo liandikwe kikao gani kiliamua, lini, kwa sababu gani, na nikiwa na hoja niipeleke kwa nani. Mistari minne, haizidi nusu ukurasa. Na ajenda inayotugusa, mwakilishi atuletee kabla ya kikao, si baada.

Hoja hii nimeiandika na inapelekwa kwenye bunge la wanafunzi Alhamisi, saa kumi jioni. Zinahitajika saini za wawakilishi wa madarasa. Wa mwaka wa pili na wa tatu nimeshawapata, mwaka wa kwanza mnanikimbia. Niko maktaba ghorofa ya chini, meza ya karibu na feni mbovu, mpaka saa mbili usiku. Njooni na kalamu zenu, yangu imeisha wino.