Kuhusu ile homu thieta mnayoniagiza



  Najua nimekuwa kimya hapa kibarazani, zamu za usiku zimenibana mfululizo. Leo nina mapumziko na nina jambo limenikaa rohoni. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kila nikiandika mistari miwili kaka zangu wananijibu kwa vikatuni vya kucheka, kwa hiyo nimeamua kulimwaga hapa, kirefu. Msome mpaka mwisho ndipo mcheke.

Jambo lenyewe ni homu thieta. Mume wangu anataka tununue seti ya spika tano na sabufa kwa ajili ya sebule yetu hapa Plumstead. Kaka zangu nao wakasikia, na siku hiyo hiyo wakaagiza: dada, ukinunua nunua mbili, moja itume Tanga iwekwe sebuleni kwa mama, naye afaidi. Jibu langu ni hapana kwa wote, na sababu zangu si ubahili (wifi, nimekuona).

Nianze na hapa kwetu. Ile namba 5.1 iliyoandikwa kwenye maboksi maana yake ni spika tano za kawaida na moja ya besi. Tatu zinakaa mbele: kushoto, kulia na ya katikati, na hii ya katikati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maneno wanayosema waigizaji. Mbili zinakaa pembeni, nyuma kidogo ya masikio ya anayetazama. Hiyo "nyuma kidogo" ndiyo inayotushinda sisi. Sebule yetu ina upana wa mita tatu na nusu. Kochi limeegemea ukuta, nyuma yake hapapiti hata paka. Upande wa kushoto kuna mlango, wa kulia kuna dirisha na kipasha joto. Hizo spika mbili za pembeni zitakaa wapi? Mume wangu anasema moja juu ya kabati la vitabu na nyingine tutaona. Spika ya "tutaona" mimi siilipii.

Halafu hiyo sabufa. Mnafahamu nyumba za London, nimewahi kuwaelezea. Hii yetu ilijengwa enzi za Malkia Victoria kwa ajili ya familia moja, baadaye ikakatwa vipande kuwa fleti. Sakafu yetu ya mbao ndiyo dari ya jirani. Kanuni za ujenzi za Uingereza kuhusu kuzuia sauti kati ya nyumba na nyumba zilikazwa mwaka 2003, lakini nyumba nyingi kama yetu zilikatwa vipande zamani kabla ya hapo. Jirani akipiga chafya chini, mimi juu nasema pole. Sasa sauti nyembamba unaweza kuipunguza kwa mapazia na zulia, lakini besi haijali pazia. Wimbi la besi nzito, la mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita nane na nusu hivi. Ni refu kuliko sebule yetu kwenda na kurudi! Haliishii humu ndani, linashika mbao za sakafu na kwenda nazo. Na kwa chumba chenye upana kama wetu, sauti za karibu na mitetemo 49 zinagonga ukuta huu na ule na kujijaza zenyewe, ndiyo maana chumba kidogo chenye sabufa kubwa kinavuma kama mtu anayepuliza chupa. Wale mliokaa kwenye daladala yenye sabufa chini ya siti mnajua ninachosema.

Chini yetu kuna mama mwenye mtoto mchanga. Juu yetu kuna kijana anayefanya kazi za usiku kama mimi, na mara nyingi tunapishana kwenye ngazi saa mbili asubuhi, wote macho mekundu. Nikirudi nalala mpaka saa tisa alasiri. Anayelala mchana anaishi kwa huruma ya majirani tu, hakuna sheria ya kimya cha mchana inayomtosha. Mimi nikiwa nahitaji huruma hiyo kila wiki, nitaanzaje kuwatikisia wenzangu kitanda?

Usiku sheria ipo. Sheria ya Kelele ya mwaka 1996 inahesabu usiku kuwa ni kuanzia saa tano mpaka saa moja asubuhi. Jirani akilalamika, ofisa wa halmashauri anaweza kuja na kipimo akapima kelele kutoka chumbani kwa yule aliyelalamika. Mwenye nyumba akionywa asisikie, kuna faini ya papo kwa papo inayoweza kufika paundi 110, na vyombo vyenyewe vinaweza kubebwa. Yaani ununue homu thieta, ulipe faini, halafu uisindikize ngazini ikiondoka! Kaka, huko Tanga mtu akikerwa na muziki wako atakuja kugonga mlango, mtapatana, pengine atabaki kunywa chai. Hapa atakuandikia barua, na kesho mkikutana atakusalimia vizuri tu kama kawaida.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa sebule yetu: spika mbili nzuri na amplifaya ndogo, basi. Bila sabufa. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya wazee, sinema inataka spika za kuzunguka. Nikamwambia historia iko upande wangu, tena historia ya hapa hapa London. Mwaka 1931 mhandisi mmoja aitwaye Alan Blumlein alikwenda sinema na mkewe. Akaudhika kwamba mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia na sauti yake inatoka upande mwingine, kwa sababu sauti yote ilikuwa inatoka sehemu moja. Akamwambia mkewe kuna njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Desemba mwaka huo huo aliwasilisha maombi ya hataza ya ile tunayoiita leo stirio. Kwa hiyo stirio yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya sinema, na ilikuwa spika mbili tu. (Maskini, Blumlein alikufa mwaka 1942 kwenye ajali ya ndege wakijaribu mitambo ya rada, akiwa na miaka 38.)

Na hapa nina kitu kitakachowafurahisha watu wa Unguja. Blumlein alikuwa mtu wa EMI, kampuni iliyopatikana mwaka huo wa 1931 kwa kuunganisha kampuni mbili za santuri. Moja ya hizo mbili ndiyo wenye chapa ya HMV, ile ya mbwa na gramafoni, ambayo mwaka 1928 ilimrekodi Siti binti Saad kule Bombay. Sauti ya Siti ilirekodiwa kwa chaneli moja tu. Ukiipitisha kwenye spika tano haiongezeki kitu, inazagaa tu chumbani kama moshi wa udi. Nyumbani kwetu tunasikiliza taarabu na dansi kuliko tunavyotazama sinema za risasi, na Mlimani Park hawakupanga magitaa yao yaje kututokea nyuma ya kochi.

Kwenye spika mbili maneno ya sinema hayapotei, msiwe na wasiwasi. Televisheni au amplifaya inachukua ile chaneli ya katikati na kuigawa sawa kulia na kushoto, na wewe uliyekaa katikati unamsikia mtu anaongea pale pale kwenye kioo. Mnachohitaji ni kuziweka vizuri: umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila spika mpaka kwako, na zile koni ndogo za sauti nyembamba ziwe usawa wa masikio. Hilo halina gharama, na linabadilisha sauti kuliko kuongeza paundi mia. Kasoro ipo, siifichi. Anayekaa pembeni kabisa atasikia maneno yakitoka spika iliyo karibu naye. Sisi tuko wawili na kochi ni moja, hakuna pembeni.

Wala spika haihitaji kuwa kubwa kama kabati la vyombo. Miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walitengeneza spika iitwayo LS3/5A, urefu wake kama sentimita 30, kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ambamo hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Iliheshimika hasa kwa sauti ya mtu anayeongea. Sebule yetu si kubwa sana kuliko hilo gari.

Bajeti yetu ni paundi 350, na mimi napigia debe vya mitumba. Spika ya kawaida isiyo na umeme wake haina kitu cha kuisha muda: spika nzuri ya miaka 20 bado ni nzuri. Ila bonyeza kidogo ule mpira au sponji unaozunguka koni. Sponji huoza, ukibonyeza inamong'onyoka, hiyo iache dukani. Chenye kuzeeka haraka ni mitambo yenye HDMI na programu ndani yake, na ndiyo maana yale maboksi ya "kila kitu humu" siyataki: kikifa kimoja, spika zote zinabaki mapambo.

Haya, sasa nije kwa mama, maana hapo ndipo hasa nilipokuwa nakwenda.

Kaka, umeandika kwamba mama anaweka TV sauti ya juu mpaka jirani analalamika, kwa hiyo anahitaji "chombo chenye nguvu". Mama alipokuwa hapa kwetu miezi mitatu nilimwangalia kwa jicho la kazi. Ana miaka 71. Hashindwi kusikia kwamba mtu anaongea, anashindwa kusikia amesema nini. Hayo ni mambo mawili tofauti. Sikio likizeeka kinachotangulia kupungua ni sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko herufi kama s, t, k na f. Chukueni saa, taa, kaa na faa. Irabu zote ni zile zile, tofauti iko kwenye herufi moja nyepesi ya mwanzo. Mama anazisikia "aa" zote nne vizuri kabisa! Ndiyo maana ukimwambia leta taa analeta saa, na nyie mnasema uzee umemwingia kichwani. Haujamwingia kichwani, na naomba msiseme tena hivyo mbele yake, amenilalamikia.

Sasa mpelekeeni mama huyo sabufa. Itaongeza nini? Itaongeza "aa". Besi itanguruma na kuzifunika kabisa zile herufi nyepesi alizobakiza. Atapandisha sauti zaidi, jirani atarudi. Na wajukuu wanaokaa mbele ya hilo debe nao mnawasahau: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na sabufa za mtaani kwetu siku ya harusi hazijui hata kama kuna namba hiyo.

Cha kwanza apelekwe hospitali, aanzie hapo Bombo, aangaliwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, inatolewa na mtu anarudi kusikia siku hiyo hiyo. Tafadhali msimchokoe kwa njiti ya kiberiti wala pamba, mnaisukuma ndani. Ikiwa ni uzee wa sikio, fedha ya homu thieta naielekeza kwenye kifaa cha kusikilizia, na hapo sitaki mjadala.

Cha pili ni chumba. Sebule ya mama ina vigae chini, ukuta mtupu, dirisha la kioo. Sauti inaruka kila upande na maneno yanapandana. Tandikeni lile zulia lililokunjwa chumbani tangu Idi, shusheni mapazia mazito, na kochi lake lisogezwe karibu na TV. Asikae kule mlangoni kama mgeni.

Cha tatu ndiyo spika, na kwake sitasema mbili. Sebule yake ni pana na watu wanakaa kila upande, kwa hiyo kwake nataka saundiba, ule ubao mrefu unaokaa chini ya TV, lakini uwe na spika yake ya katikati ya maneno na kitufe cha kukuza maneno peke yake. Umeme wa hapa na wa Tanga ni volti 230 kote kuwili na plagi ni ile ile ya miguu mitatu, hivyo hakutahitajika kibadilisha umeme. Ila mkinge kwa stebilaiza, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ubao utakufa kabla mama hajaujua rimoti.

Mume wangu ameshasoma haya kabla yenu na hajakubali yote. Tumekubaliana Jumamosi tutakwenda duka lenye chumba cha kusikilizia, tuchukue nyimbo zetu wenyewe kwenye simu na kipande cha filamu anayoipenda, tukae, tusikilize mbili na tusikilize sita. Nitawaandikia yaliyotokea.

Kaka, wewe nipimie meza ya TV ya mama, urefu na kimo cha nafasi iliyo chini ya kioo, na uangalie nyuma ya TV kama kuna tundu limeandikwa HDMI ARC. Piga picha unitumie. Na tarehe ya Bombo niambie mapema, siku hiyo nitaomba nisiwe zamu ili niwepo kwenye simu daktari akiongea.