Lugha ya Kazi ya Kwanza

Aghalabu mwajiri anayetafuta kijana wa kueneza elimu ya mazingira Kitale au Bungoma huulizia shahada ya sayansi, wala haulizii Kiswahili. Hapo ndipo penye kasoro. Katika Mbuga ya Taifa ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 karibu na Kitale, mwanafunzi mgeni ataka kujua kwa nini nzohe, mnyama wa kinamasi mwenye kwato ndefu, hana pa kuishi matete yakikauka. Majina ya Kilatini hayamfai kitu. Bungoma nako, Wabukusu na Wasabaoti wanaotegemea maji ya Mlima Elgon huelewana kwa Kiswahili. Mhitimu wa lugha aliyesoma na ekolojia (hata kidogo) angewaeleza vyema. Mbona haitwi hata kwenye usaili?