NYUMBA IMESHAPATANWA, KWA NINI UNAONGEZA DAU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, nilifuatwa na ndugu wawili wa hapa Katubuka. Wote nawafahamu, wote ni watu wa msikitini. Walikuja kila mmoja kivyake, maana hawasalimiani tena. Kilichowagombanisha ni nyumba ya vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati la zamani kidogo.

Wa kwanza aliiona, akaikagua, akavutana bei na mwenye nyumba mpaka wakafika milioni 28. Wakapeana mkono. Akaomba siku saba akusanye fedha, maana nyingine zilikuwa kwa wenziwe anaofanya nao biashara ya dagaa kule Kibirizi. Mwenye nyumba akasema hakuna neno, nenda ndugu yangu, nyumba ni yako. Yule bwana akarudi nyumbani akamwambia mke wake, na watoto wakaanza kugawana vyumba.

Siku ya nne dalali akaenda kwa ndugu wa pili. Akamwambia kuna nyumba inataka kuondoka kwa milioni 28, lakini ukiwahi na 31 taslimu, leo hii unapewa funguo. Naye akawahi. Siku ya saba wa kwanza alipofika na fedha zake amezifunga kwenye mfuko, alikuta kufuli jipya mlangoni.

Wa pili aliponieleza upande wake alisema, "Sheikh, mimi sikuiba. Nimetoa hela yangu halali. Biashara ni ushindani." Nikamuuliza swali moja tu: ulijua kwamba mwenzio ameshakubaliwa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua, lakini alikuwa hajalipa."

Ndugu zangu, neno hilo "alikuwa hajalipa" ndilo limenifanya niandike leo. Wengi wetu tunadhani dhambi katika mauziano inaanza fedha ikishatoka mfukoni. Sivyo.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mtu kuuza juu ya mauziano ya nduguye, na kuposa juu ya posa ya nduguye, mpaka yule wa mwanzo aache au atoe ruhusa. Na katika Muslim imekuja pia katazo la mtu kupatana bei juu ya mapatano ya nduguye. Angalieni, mapatano tu, kabla hata ya malipo. Na tazameni alivyounganisha biashara na posa. Hakuna kati yetu anayeona sawa kwenda kwa wazee wa binti aliyekwisha kuchumbiwa na kusema, "Yule mahari yake nini? Mimi naongeza." Mtaa mzima ungemshangaa. Sasa mbona kwenye nyumba tunampongeza kwa ujanja?

Lakini dini yetu ni ya uadilifu, na yule mwenye nyumba naye ana hoja. Aliniambia, "Sheikh, nina wagonjwa, nina ada za watoto. Milioni tatu si kitu kidogo. Kwani sina haki ya kutafuta bei nzuri?"

Anayo! Hakuna aliyemkataza. Uislamu haukufuta ushindani wa bei. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Tirmidhi na Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alimnadia mtu maskini wa Kiansari tandiko lake na chombo chake cha kunywea. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani anaongeza, mwingine akatoa mbili, akapewa. Wapo wanazuoni waliozungumzia isnadi ya hadithi hii, lakini mnada kwa asili yake umekubaliwa na wanazuoni walio wengi.

Basi tofauti iko wapi? Tofauti iko kwenye KURIDHIA. Maadamu mwenye mali hajamkubali mtu, mlango uko wazi, watu kumi waje, kila mmoja ataje lake. Akishasema "nimekuuzia" au "nimekubali, kalete fedha", mlango umefungwa. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameliweka wazi hili: haramu inakuja bei ikishatulia na ridhaa ikishapatikana. Anayegonga hapo anavunja mlango wa mwenzie, na anayemfungulia ni mshirika wake.

Kwa hiyo yule mwenye nyumba angeweza kusema tangu mwanzo, "Napokea bei mpaka Jumapili, mwenye kutoa zaidi ndiye." Hapo hakuna ambaye angelalamika. Kosa lake ni kutoa neno kisha kuliuza neno lenyewe kwa milioni tatu.

Na wewe dalali, nisikuache. Kazi yako ni halali na ujira wako ni halali. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza *najash*, yaani kupandisha bei mtu asiyetaka kununua ili amtie mwenzie tamaa. Siku hizi mnasema, "Kuna bosi kutoka Dar ameshataja 35," na huyo bosi hayupo. Mnasema, "Reli ya SGR inakuja, mwakani hii ni milioni 60." Ni kweli mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Lakini wewe umepewa na nani elimu ya bei ya mwakani? Mteja wa kubuni ni uongo, na fedha iliyotoka kwenye uongo huo ukiila unajua unakula nini.

Nataka niwasimulie kisa kimoja kilichomo katika Bukhari, maana kinahusu nyumba hasa. Abu Rafi' (r.a.) alikuwa na vyumba viwili ndani ya eneo la Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) pale Madina. Akamwendea Sa'd amuuzie. Sa'd mwanzoni hakutaka, kisha akasema hatozidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi' alikuwa ameshapewa bei na mtu mwingine: dinari 500. Dinari wakati ule ilihesabiwa kwa dirhamu kumi au zaidi, maana yake alikuwa anaacha dirhamu 1,000 na zaidi. Lakini akamwachia Sa'd, akaeleza kwamba lau si kumsikia Mtume (s.a.w.) akisema jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingempa kwa bei ile.

Subhanallah! Bei ndogo, tena ya mafungu, mbele ya bei kubwa. Wala hapo hakukuwa na ahadi iliyotangulia, ni haki ya jirani tu. Sisi tumeshapeana mkono, tumeshasema "nyumba ni yako", na milioni tatu zinatushinda.

Sasa nikupe mambo ya kushika, wewe unayetafuta nyumba iwe hapa Katubuka, Mwanga, Gungu au Ujiji.

1. Kabla hujataja bei, muuliza mwenye nyumba mwenyewe, si dalali peke yake: "Kuna mtu umeshamkubalia?" Akisema yupo, ondoka. Mwambie akiacha, nipigie.

2. Ukishakubaliwa, usimweke mwenzio roho juu. Taja siku, na siku hiyo ikipita bila fedha, mwache huru. Wapo wanaoshika nyumba za watu miezi mitatu kwa maneno matupu. Hiyo nayo ni dhulma.

3. Andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inazungumzia kuandika madeni na kushuhudisha mauziano. Na Sheria ya Ardhi ya nchi yetu ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe wa maandishi. Lau ndugu yetu wa kwanza angekuwa na karatasi na mashahidi wawili siku ile ya mkono, leo angekuwa na pa kusimamia.

4. Uliza nyumba ni ya nani. Kama ni ya mirathi, warithi wote wako wapi? Kama ni nyumba ya ndoa, mwenzi wake ameridhia? Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa hiyo.

5. Muuzaji, sema aibu ya nyumba yako. Tunajua hapa kuna sehemu ambazo masika yakikaza maji yanatuama mpaka ndani. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa mvua, akamkemea muuzaji kwa kuficha unyevu chini na kuweka kikavu juu. Wewe unayepaka rangi ukutani mwezi wa saba kuficha alama ya maji ya mwezi wa nne, rundo lako na lile lina tofauti gani?

Mtaniuliza, kesi imeishaje? Wanazuoni walio wengi, wakiwemo Mashafii, wanasema mauziano ya namna hii yanaswihi, lakini aliyefanya ana dhambi. Na wapo waliosema yavunjwe. Nimemwambia ndugu wa pili ukweli huo wote. Karatasi unayo, funguo unazo, na mimi siwezi kukunyang'anya. Lakini nyumba ni mahali utakaposwali tahajjud, utakapolea watoto, pengine utakapofia. Unataka kuingia humo huku nduguyo anakuombea dua ya aliyedhulumiwa? Mwendee. Mwambie kama bado anaitaka, ni yake kwa bei uliyotoa au mpatane. Asipoitaka, muombe akusamehe. Na mwenye nyumba nimemwambia hivyo hivyo, amwombe radhi aliyempa neno.

Hajanijibu. Mpaka naandika haya hajahamia, na Ijumaa hii niliwaona tena: mmoja saff ya mbele, mwingine ya nyuma, kila mmoja akaondoka kwa mlango wake.

Rizki ya mtu haiendi kwa mwingine. Kama nyumba ile imeandikwa kuwa yako, ingekufikia kwa njia safi. Na kama si yako, milioni tatu za kuongeza hazikukununulia utulivu.

Allah atupe makazi yenye baraka, atuepushe na haki za watu, na aziunganishe nyoyo za ndugu zetu hawa wawili. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na dalali wako.