Kipindi cha Michezo Kisiporwe

Katika ratiba za shule nyingi nchini kipindi cha michezo kimo, kimeandikwa na kubandikwa ukutani ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Lakini mitihani ya Taifa inapokaribia, kipindi hicho ndicho cha kwanza kunyang'anywa. Wanafunzi wa Darasa la Saba na Kidato cha Nne hurudishwa madarasani; jioni hufuatia tuisheni, na usiku televisheni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeshauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli zinazoharakisha pumzi. Mtoto wa kijijini anayekwenda shule kwa miguu na kuteka maji hutimiza kiasi hicho bila kuhimizwa na mtu. Mwenziwe wa mjini hana njia hiyo, naye ndiye aliyepokonywa uwanja. Eneo la wazi lililotengwa katika ramani ya mji halipotei lenyewe. Hupotea kwa sahihi ya ofisa. Palipokuwa na magoli pameota maduka, kisha watu wazima hushangaa kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu!

Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanastahili sifa. Hata hivyo, huchukua wachache wenye vipaji, na mamia waliobaki huwa washangiliaji. Mtoto mnene, mtoto mwenye ulemavu, na msichana aliyebalehe anayeona haya kukimbia mbele ya wavulana, hao ndio wanaomhitaji mwalimu zaidi. Rede na kuruka kamba havihitaji bajeti.

Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974. Mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha kutoka Moscow, na tangu hapo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Ushindi wa Alphonce Simbu katika marathoni ya dunia, Tokyo, mwaka 2025, ulishangiliwa kwa haki. Lakini shule iliyozibwa kwa fremu za maduka haiwezi kumtoa mwingine.

Wathibiti ubora wa shule hawana budi kuuliza, pamoja na maandalio ya masomo, kama kipindi cha michezo kilichezwa wiki iliyopita. Halmashauri nazo zipime viwanja vya shule na kuvipatia hati, na viongozi wa Chama matawini wasione haya kuuliza kila kiwanja kilichotoweka kilitolewa na nani.