Heshima si Utii

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo ninaomba tulipime neno moja tulitumialo kila siku bila kuliuliza maana yake: heshima. Nitalipima kwa mzozo uliozuka Marekani mwaka 2016, mzozo ambao mpaka leo ukitajwa huwagawa watu, hata wale wasiozijua kanuni za mchezo wenyewe.

Mchezaji wa timu ya San Francisco 49ers, Colin Kaepernick, alibaki ameketi benchi huku wimbo wa taifa ukiimbwa kabla ya mechi. Alipoulizwa, alieleza kwamba hawezi kusimama kuonyesha fahari kwa bendera ya nchi inayowaonea watu weusi, na miongoni mwa aliyoyalalamikia ni mauaji ya raia mikononi mwa polisi. Siku chache baadaye, tarehe 1 Septemba mjini San Diego, hakuketi tena. Alipiga goti moja, na mwenzake Eric Reid akapiga goti kando yake.

Tuvitazame kwanza vitenzi. Aliyesema “amegoma kusimama” alikwisha kumtia mchezaji katika kundi la wakaidi. Aliyesema “ameidharau bendera” alikwisha kuisoma nia iliyo moyoni mwa mtu. Aliyesema “amepiga goti” alisimulia alichokiona kwa macho. Tendo ni lile lile, lakini hukumu ni tatu. Sisi tunaoishi kwa maneno tunajua kwamba kesi nyingi huamuliwa kwenye kitenzi, kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa.

Ajabu ni kwamba goti lile lilitokana na ushauri wa askari. Nate Boyer, aliyetumikia vikosi maalumu vya jeshi la Marekani huko Iraki na Afghanistani, aliumizwa na picha ya mchezaji aliyeketi. Hakumtukana. Alimwandikia barua ya wazi, wakakutana, wakazungumza. Boyer ndiye aliyemshauri apige goti badala ya kuketi, kwa kuwa askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao aliyeanguka vitani. Siku ile ya San Diego, Boyer alisimama kando ya Kaepernick, mkono kifuani. Mmoja alisimama, mmoja alipiga goti, na hakuna aliyemwona mwenzake kuwa adui.

Kwa msemaji wa Kiswahili goti lile halihitaji mkalimani. Salamu yetu ya heshima kuliko zote, shikamoo, hufasiriwa kuwa ni kumwambia mkubwa kwamba nashika miguu yako. Huwezi kushika miguu ya mtu ukiwa umesimama wima. Katika lugha yetu na katika mila za makabila mengi ya kwetu, mwili unaoshuka ndio unaoheshimu. Ndiyo maana naona ugumu kukubali kwamba goti, kwa asili yake, ni tusi.

Hata hivyo sitaki kuwadogosha walioumia. Yuko mama aliyekabidhiwa bendera iliyokunjwa badala ya mwanawe. Yuko askari aliyerudi bila mguu. Kwa watu hawa bendera si kitambaa, na dakika mbili za wimbo ni dakika za matanga. Alejandro Villanueva, mchezaji wa Pittsburgh Steelers aliyepigana Afghanistani, alitoka na kusimama peke yake kwenye lango la uwanja mwezi Septemba 2017, ilhali timu yake ilikuwa imeamua kubaki ndani wimbo ukiimbwa. Naye alikuwa na haki yake. Boyer na Villanueva wote wawili walivaa sare, wala hawakulichukulia jambo hili kwa namna moja. Basi anayedai kusema kwa niaba ya askari wote na atuambie ni askari yupi aliyemtuma.

Hapa ndipo lugha inapotudai umakini. Kiswahili kina heshima, kina adabu, kina staha, kina taadhima. Kisha kina utii na kina hofu. Wahenga hawakuyaweka maneno haya yote ghalani ili tuyatumie kana kwamba ni moja. Utii unaweza kuamriwa, hata kwa faini. Mwezi Mei 2018 wamiliki wa timu za ligi ile walipitisha kanuni kwamba mchezaji aliyeko uwanjani asimame, asiyetaka abaki chumbani, na timu itakayokiuka itozwe faini. Kanuni hiyo ilisitishwa miezi miwili baadaye kabla ya kutumika. Kama ingetumika, ingewasimamisha wachezaji wote. Lakini ni nani angeweza kutofautisha aliyesimama kwa mapenzi na aliyesimama kwa kuogopa mshahara wake?

Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ililiona hili zamani. Mwaka 1943, nchi ikiwa katikati ya vita, iliamua kwamba shule haiwezi kumlazimisha mtoto kuisalimu bendera. Walioshtaki walikuwa Mashahidi wa Yehova. Miaka sabini baadaye, mwaka 2013, Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo iliwapa haki wanafunzi wa imani hiyo hiyo walioadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa. Kama mwalimu, nimewahi kusimamia mistari mingi ya asubuhi, na ninajua raha ya kuona vijana mia tano wamesimama kimya. Lakini wimbo wetu ni dua, na dua ya kulazimishwa haiwi dua.

Washairi watauliza: na wimbo wa Marekani ni nini? Ni shairi. Francis Scott Key alilitunga mwaka 1814 baada ya ngome ya Baltimore kupigwa mizinga na Waingereza, na likafanywa rasmi wimbo wa taifa mwaka 1931. Lina beti nne, lakini uwanjani huimbwa ule wa kwanza tu. Ubeti wa tatu unamtaja mtumwa, na wataalamu wanabishana kuhusu makusudio yake. Lisilobishaniwa ni kwamba mtunzi mwenyewe alimiliki watumwa. Kila mpenzi wa shairi anajua kwamba ubeti usioimbwa haujafutwa. Mchezaji mweusi anayepiga goti anatukumbusha kwamba shairi lina beti zaidi ya ule tunaoupenda.

Na kama kweli tunazungumzia heshima kwa askari, tumkumbuke Isaac Woodard. Sajenti huyu mweusi alirudi kutoka vita vya Pasifiki. Mwezi Februari 1946, saa chache baada ya kuruhusiwa kutoka jeshini, akiwa bado na sare mwilini, alishushwa kwenye basi huko South Carolina na kupigwa na polisi hadi akapofuka macho yote mawili. Mkuu wa polisi aliyeshtakiwa aliachiliwa na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa weupe. Woodard hakuiona tena bendera aliyoipigania. Je, ni yupi anayemheshimu askari huyu: yule anayesimama wima wimbo ukiimbwa kisha asiulize aliyemtoa macho, au yule anayepiga goti na kuuliza?

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Askari wa zamani anastahili matibabu, pensheni, kazi na nchi isiyompiga mwanawe barabarani. Haya yana gharama, na ndiyo maana ni rahisi zaidi kumdai mchezaji asimame kwa dakika mbili. Nimalizie kwa ubeti wangu mmoja, nanyi malenga mkiona umepungukiwa, ujazeni:

Heshima si kuogopa, heshima si kulazimu,
Si kodi ya kuilipa, kwa amri ya hakimu,
Ni moyo unaokupa, ukijua umuhimu,
Goti likishuka hapa, lasema, lina salamu.