Mizani Mbovu ya Wakubwa wa Brazil

Kila likaribiapo Kombe la Dunia hutolewa orodha ya wachezaji wakubwa kabisa waliopata kuzaliwa Brazil. Magazeti huichapisha, redio huirudia, na barazani watu huiapia kama hati ya kadhi. Orodha zenyewe hazipishani sana. Pelé hukaa juu; Ronaldo na Romário humfuatia; Zico huingizwa kwa shingo upande, kwa kuwa hakutwaa Kombe la Dunia; Garrincha hupewa nafasi kwa kuonewa huruma; kisha hufuata vijana wa juzi. Sina ugomvi na Pelé, na sidhani kama mwenye macho anaweza kuwa nao. Ugomvi wangu ni na mizani. Watungao orodha hizi hupima kwa vitu viwili tu, mabao na vikombe, na kwa vile vitu hivyo vina tarakimu, hujiona wamekwisha kupima. Nasema mizani hiyo ni mbovu, na kwamba ubovu wake una madhara: umewafukia watu ambao bila wao hilo jina la Brazil lisingekuwa na utamu wowote vinywani mwetu.

Na tuanze kwa kuwashika kwa maneno yao wenyewe. Kama ukubwa ni mabao, basi shauri limekwisha. Septemba 2023, katika mechi dhidi ya Bolivia, Neymar alifikisha mabao 79 ya timu ya taifa kwa hesabu ya FIFA, akayapita mabao 77 ya Pelé. Je, kuna aliyeamka asubuhi ya pili akatangaza kuwa Neymar ndiye mkubwa kumshinda Pelé? Hakuna, wala hapatakuwa. Na kama ukubwa ni vikombe, basi Mário Zagallo ana vinne: viwili akiwa mchezaji, mwaka 1958 na 1962, kimoja akiwa kocha, mwaka 1970, na kimoja akiwa katika benchi la ufundi, mwaka 1994. Pelé ana vitatu, na hicho cha 1962 alikipata baada ya kucheza mechi mbili tu, akaumia. Kwa mizani hiyo hiyo Dunga, nahodha aliyeinua kombe mwaka 1994, amzidi Zico, na amzidi Sócrates, na amzidi Falcão, ambao hawakuinua lolote. Mtu akiyasema hayo barazani atachekwa hadi kahawa ipoe. Basi wenye orodha hawaiamini mizani yao wenyewe. Huitumia pale inapowapa jibu walilokwisha kulitaka, na huiweka kando pale inapowaaibisha.

Sisi tunaopenda ushairi tungepaswa kuwa wa kwanza kuligundua kosa hili, maana tunalijua nyumbani kwetu. Hapana mtu timamu anayempima malenga kwa idadi ya beti. Mtu aweza kutunga diwani tatu, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa, kila mshororo una mizani 16 bila ya kupungua wala kuzidi, na bado asiache hata kipande kimoja cha maneno katika kumbukumbu za watu. Na mwingine akaacha shairi moja, likaimbwa hadi mwenyewe akasahauliwa. Tunapompima mtunzi huuliza: ameongeza nini katika bahari aliyoikuta? Baada yake, je, wenzake waliendelea kutunga kama walivyokuwa wakitunga? Swali hili ndilo nitakalo liulizwe juu ya wanakandanda, nalo likiulizwa orodha hugeuka.

Huwa nyingine pale anapotajwa Leônidas da Silva, aliyekuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1938 na ambaye tikitaka yake ilipendwa kiasi cha kuifanya ijulikane dunia nzima. Lakabu yake ya Almasi Nyeusi bado ni jina la chokoleti inayouzwa madukani Brazil. Huwa nyingine anapotajwa Didi, kiungo aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano ya 1958, mwenye mkwaju uitwao jani kavu: mpira hupaa juu ya ukuta wa mabeki kana kwamba unapotea, kisha huanguka ghafla kama jani lililoachiwa na tawi. Wapigaji wa mipira ya adhabu wa leo wanaoushusha mpira nyuma ya ukuta ni wanafunzi wake, wajue wasijue. Huwa nyingine anapotajwa Nilton Santos, beki wa kushoto aliyepanda na mpira mwaka huo huo dhidi ya Austria hadi akafunga bao, katika zama ambazo beki alitarajiwa kubaki nyuma na kulinda. Watu hawa kila mmoja aliukuta mchezo na kipimo fulani, akauacha na kingine.

Lakini wa kusimama nao hasa ni Garrincha, maana ndiye anayedhulumiwa zaidi na ndiye anayeonesha wazi ubovu wa mizani.

Manuel Francisco dos Santos alizaliwa mwaka 1933 katika kijiji cha kiwanda cha nguo kiitwacho Pau Grande, na Garrincha, jina la ndege mdogo, lilikuwa lakabu yake ya utotoni. Miguu yake yote miwili ilipinda upande mmoja, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe. Kabla ya mashindano ya 1958 mtaalamu wa saikolojia wa timu aliwapima wachezaji, akashauri kuwa Garrincha hafai kwa mechi kubwa, na kwamba Pelé, aliyekuwa na miaka 17, ni mtoto mno. Mechi mbili za kwanza hawakupangwa. Ya tatu, dhidi ya Umoja wa Kisovieti, walipangwa wote wawili, na katika dakika ya kwanza Garrincha alikwisha kuutikisa mwamba wa goli. Tangu hapo, kila walipocheza pamoja katika timu ya taifa, Brazil haikupata kufungwa. Mwaka 1962, Pelé alipoumia, ni Garrincha aliyeibeba timu: mabao mawili dhidi ya Uingereza katika robo fainali, mawili dhidi ya wenyeji Chile katika nusu fainali. Katika maisha yake yote ya timu ya taifa alifungwa mechi moja tu, dhidi ya Hungaria mwaka 1966, nayo ilikuwa ya mwisho kwake.

Hizo ni tarakimu, na nimezitaja ili asiseme mtu kuwa nazikimbia. Jambo lenyewe haliko humo. Garrincha alikuwa na chenga moja. Alisimama mbele ya beki, akayumbisha kiwiliwili kushoto, akapita kulia. Beki alijua kuwa atapita kulia. Mashabiki walijua. Kocha wa upande wa pili alikuwa amekwisha kuwaambia vijana wake tangu siku ya kwanza kuwa mtu huyu hupita kulia. Akapita kulia. Mwenye kupenda ushairi atalielewa jambo hili haraka kuliko mwandishi wa michezo, kwa kuwa anajua kibwagizo ni nini: maneno yale yale, mahali pale pale, kila msikilizaji akiyajua kabla hayajatamkwa, na bado roho huyangoja, na yanapofika husisimka upya. Wabrazil walimwita Furaha ya Watu. Pelé walimwita Mfalme. Sioni kwa nini cheo cha kwanza kiwe chini ya cha pili.

Alikufa Januari 1983, akiwa na miaka 49, pombe imekwisha kummaliza. Watunga orodha hulitaja hilo kana kwamba ni hoja, kwamba hakujitunza na hakudumu, ilhali wanajua kuwa malenga wetu wangapi walikufa maskini na hakuna aliyewapunguzia mizani kwa sababu hiyo.

Nimesema mizani hii hufukia watu. Wawili nitawataja.

Wa kwanza ni Moacir Barbosa, golikipa wa Vasco da Gama. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Rio mwaka 1923 kwa kikosi chenye weusi, machotara na weupe maskini, na mwaka uliofuata klabu kubwa zilipojitenga na kuitaka iwatoe wachezaji wake 12, ilikataa kwa barua ambayo mashabiki wake huihifadhi hadi leo. Barbosa alikuwa bingwa wa Amerika ya Kusini na Brazil mwaka 1949. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã, mbele ya watu zaidi ya 170,000, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay. Ghiggia alipita pembeni, Barbosa akatarajia krosi, mpira ukapita baina yake na mwamba wa karibu. Mbili kwa moja. Lawama ziliangukia watatu, yeye pamoja na mabeki Bigode na Juvenal, na haikuwa bahati kuwa wote watatu walikuwa weusi. Mwenyewe aliwahi kulalamika kuwa kifungo kirefu kabisa katika sheria za Brazil ni miaka 30, ilhali yeye alitumikia zaidi. Alikufa Aprili 2000. Ilichukua hadi mwaka 2006, kwa Dida, ndipo golikipa mweusi akawa tena chaguo la kwanza la Brazil katika Kombe la Dunia. Hivi ndivyo mizani ya kombe inavyofanya kazi inapoachiwa: huchukua umri mzima wa mtu na kuubadilisha kwa dakika moja.

Wa pili ni Marta. Amezaliwa mwaka 1986 Dois Riachos, katika jimbo la Alagoas. Ametajwa na FIFA mchezaji bora wa dunia mara sita. Ana mabao 17 katika Kombe la Dunia, na hakuna mtu, mwanamume wala mwanamke, mwenye mengi kama hayo katika mashindano hayo. Ameifungia Brazil mabao zaidi ya 100. Basi hapa hata mizani yao mbovu ingepaswa kumweka juu. Lakini ghafla mizani huwekwa chini na kuambiwa kuwa hiyo ni orodha nyingine. Na wasioijua historia wakumbushwe kuwa mwaka 1941 serikali ya Brazil ilitoa amri ya kuwazuia wanawake wasicheze michezo isiyolingana na maumbile yao, na kandanda ikahesabiwa humo, na zuio halikuondolewa hadi 1979. Marta alizaliwa miaka saba tu baadaye. Waliokuwa kabla yake walicheza kwa kujificha au hawakucheza kabisa, na majina yao hayamo katika orodha yoyote, ya wanaume wala ya wanawake.

Najua nitakavyojibiwa. Itasemwa kuwa shairi halina mshindi, lakini mchezo unaye, na anayeondoa ushindi katika mchezo ameondoa mchezo wenyewe. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini ushindi ni wa kikosi, ilhali orodha ni ya mtu mmoja mmoja. Kombe hubebwa na kumi na mmoja na walio benchini. Huwezi kulikata vipande ukampa kila mtu chake kwa ratili. Na kumbukumbu ya watu, ambayo ndiyo hakimu wa mwisho wa sanaa zote, imekwisha kutoa hukumu yake. Timu ya Brazil ya 1982, ya Zico, Sócrates na Falcão, ilifungwa 3–2 na Italia huko Barcelona na kurudi kwao mikono mitupu. Timu ya 1994 ilirudi na kombe. Waulize watu wazima wa pwani hii ni ipi waliyoipenda, kisha uje uniambie kuhusu ushindi.

Itasemwa pia kuwa utamu haupimiki. Haupimiki kwa tarakimu, kweli. Lakini una mashahidi, na mmojawapo ni lugha. Mbrazil akimwinulia mwenziwe mpira juu ya kichwa, husema amemvika kofia. Sisi husema amempiga kanzu. Akimpitisha mpira miguuni, wao husema kalamu, sisi husema tobo. Watu wa bahari mbili tofauti, wasiosikilizana hata neno, waliona kitu kile kile, na kila mmoja akaona kinastahili jina. Watu hutoa majina kwa walichokipenda.

Basi nataka orodha itungwe upya, na wanaoitunga wajibu, kwa kila jina, mchezaji huyu aliukuta mchezo vipi na aliuacha vipi. Pelé atabaki, hana la kuogopa. Garrincha atakaa ubavuni mwake, si kwa huruma. Didi, Leônidas na Nilton Santos watatoka kizani. Barbosa atasomwa kama golikipa, na siyo kama dakika. Na mwaka 2027, ambapo Brazil imepewa kuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la wanawake, tutazame magazeti yatakapochapisha tena wakubwa wa nchi hiyo, tuone jina la Marta limewekwa katika ukurasa gani.