Sugiton Ilistahili Kuwekewa Kikomo

Wanaosema pwani ni ya kila mtu wana hoja, lakini Sugiton, karibu na Marseille kusini mwa Ufaransa, inaonyesha kwa nini hoja hiyo haitoshi. Korongo hilo la mawe ya chokaa linateremka hadi Bahari ya Mediterania, na wakati wa kiangazi lilikuwa likipokea hadi watu 2,500 kwa siku. Nyayo zao zilichimbua udongo ambao tayari ni haba, mizizi ya misonobari ikabaki wazi, miche ikakosa pa kushika. Mwaka 2022 Hifadhi ya Taifa ya Calanques ikaweka kikomo cha watu 400 kwa siku katika siku zenye msongamano, kwa kujiandikisha mapema.

Wapo wanaohofia kwamba vijana wa mitaa maskini ya Marseille watafungiwa nje. Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo kibali cha kuingia hakilipiwi hata senti, kwa hiyo tajiri hawezi kumpiku maskini kwa fedha. Kingekuwa kiingilio cha kulipia, ningekipinga kwa nguvu zote. Pengo lililobaki ni kwamba nafasi huombwa kupitia intaneti, na asiyeizoea huachwa nyuma. Basi sehemu ya zile nafasi 400 itengewe vikundi vya vijana wa mitaa hiyo, bila kuongeza hata mtu mmoja juu ya idadi hiyo.